Kasha la Makufuli Matatu. Sehemu ya Tisa: Sauti ya Pini

Wiki iliyopita tulimwacha Mkasi sebuleni kwa wifi yake, mlango umefungwa nyuma yake, na ufunguo uko mdomoni.

Ndiyo, mdomoni. Kama gazeti la wiki ile lilikupita, sikiliza haraka. Mkasi, fundi wa kukata nguo, aliitwa mbio kwamba wifi yake ameanguka bafuni. Alipofika akamkuta wifi mzima wa afya, kakaa kitako, kakunja nne. Juu ya meza kuna kasha la mbao, akiba ya mwaka mzima ya wanawake kumi na watano wa karakana ya kushona sare. Kasha lina makufuli matatu na washika funguo watatu, na mmoja akikosekana halifunguki. Mawili yalikuwa yameshafunguliwa. La tatu ni la Mkasi.

Aliposikia mumewe, Dereva, akifunga mlango wa nyumba kwa nyuma, Mkasi alikohoa, akaziba mdomo kwa kiganja, na ufunguo mdogo ukatoka mfukoni ukahamia shavuni.

Sasa wote wanamtazama.

"Kaa, wifi yangu," wifi akasema kwa sauti tamu kupita kiasi. "Mbona umesimama kama mgeni?"

Mkasi akakaa.

"Ufunguo unao?"

Mkasi akatikisa kichwa.

"Huna?"

Akatikisa tena.

"Umekuwa bubu tangu lini?" wifi akauliza. "Juzi kwenye kikao ulisema mpaka tukakosa pa kuingilia!"

Ni kweli alisema. Wifi ndiye mwenyekiti wa kikundi na mshika ufunguo wa kwanza, na siku hiyo alitaka pesa zote apewe mgeni mmoja azizalishe. Mkasi alisimama akapinga. Alisema bei zinapanda kila wiki, hilo hakuna asiyeliona, na oda za karakana zimepungua mpaka wanafanya kazi siku tatu badala ya sita. Kwa hiyo pesa zigawanywe mafungu matatu. Fungu moja linunue vitambaa na nyuzi sasa hivi kabla havijapanda tena. La pili lilipe yale yasiyongoja, kama ada na kodi za nyumba. La tatu libaki kashani kwa ajili ya ugonjwa. Wenzake walicheka. "Huyu anakata pesa kama anavyokata suruali!" Wakamwacha na fungu lake la maneno.

Mgeni mwenyewe ndiye huyu aliyeketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Mtaani wanamwita Bwana Asilimia. Shati lake limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono unaweza kukukwaruza, na mkoba wa ngozi kaupakata kama mtoto mchanga.

"Dada yangu," akasema, huku akiangalia saa, "mimi simlazimishi mtu. Ila dirisha la kuingiza pesa linafungwa saa kumi kamili. Sasa ni saa tisa na robo. Pesa iliyolala kashani inaliwa na bei kila siku. Niambie kama nadanganya."

Hakudanganya, na hilo ndilo lililomkera Mkasi. Mwezi uliopita bunda moja la nyuzi lilinunuliwa kwa bei ambayo leo inanunua nusu yake tu.

"Mpekueni mkoba," wifi akaamuru.

Ukapekuliwa. Zikatoka chaki mbili za kuchoria nguo, futi ya kupimia iliyochakaa, kitana, risiti ya dawa ya kikohozi, na kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi. Ufunguo haukuonekana.

"Mkate wenyewe mkavu," akasema Bibi Vifungo kutoka kwenye kona yake. "Huyu ndiye mlimdhania ana utajiri wa kuficha?"

Bibi Vifungo ndiye mshika ufunguo wa pili. Ameshonea sare za watu vifungo kwa miaka thelathini, na ulimi wake hauna kifungo hata kimoja. Leo, hata hivyo, alikuwa mnyonge. Kufuli lake alikuwa ameshalifungua. Mwenye nyumba kampa wiki mbili alipe kodi au ahame.

"Wifi, jibu kwa mdomo," wifi akasema. "Ufunguo uko wapi?"

Mkasi akapiga moyo konde. Kwa miaka kumi na minne amezungumza na watu huku pini zimejaa midomoni, akipima mabega na kukemea wanafunzi bila kudondosha hata moja. Atashindwa na ufunguo mmoja? Akausukuma kwa ulimi ukakaa vizuri kati ya shavu na fizi.

"Nimeuacha nyumbani," akasema.

Maneno yalitoka yakiwa yamenyooka. Wifi akasonya. Bwana Asilimia akapumua kwa kuchoka. Mkasi akaanza kuona nafasi ya kuondoka.

Lakini kule mlangoni, mumewe alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kisicho na furaha.

"Mama watoto," Dereva akasema. "Hiyo ni sauti yako ya pini."

Mkasi akafumba midomo.

"Nimeisikia kila siku tangu tuoane. Unaongea kwa kona ya mdomo, maneno yanapita kwa zamu. Utoe tu."

Hivi ndivyo mtu anavyofungwa na anayemjua. Wifi angepekua mpaka kesho asipate kitu. Mumewe hakuhitaji hata kunyanyuka.

Mkasi akautoa ufunguo, akaupangusa kwenye gauni, akaukunjia ngumi. Wifi aliruka kama paka, lakini Dereva akainua mkono.

"Mwache. Hakuna atakayemgusa mke wangu. Atafungua mwenyewe."

"Kwa nini nifungue?" Mkasi akauliza. Sasa sauti ilikuwa yake. "Baba watoto, wewe si mwanakikundi. Umeingiaje katika jambo hili?"

Dereva akatazama viatu vyake. Alikuwa dereva wa lori la mizigo kwa miaka kumi na moja, mpaka kampuni ilipouza malori na kuwapa watu barua. Miezi mitatu sasa hana kazi. Bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga pasi shati la kazi, analivaa, halafu anakaa nalo kwenye ngazi ya nyuma. Mkasi humwona kupitia dirisha la jikoni na hujifanya hajamwona.

"Kiinua mgongo changu," Dereva akasema.

"Kiko benki. Ulinionyesha karatasi."

"Nilikuonyesha karatasi ya zamani."

Dereva akamwonyesha Bwana Asilimia kwa kidevu.

"Nilimpa huyu bwana. Chote. Miezi miwili iliyopita."

Mkasi alihisi kiti kinazama. Kiinua mgongo kile ndicho kilikuwa na ada ya binti yao mkubwa, aliye mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Jumatatu asubuhi ndiyo mwisho wa kulipa. Asiyelipa haingii wodini kwa mafunzo, na asiyeingia wodini anarudia mwaka.

"Hazijapotea!" Bwana Asilimia akadakia, viganja juu. "Zipo, na zimezaa vizuri sana. Ila akaunti ya shemeji imeganda kwa sababu kundi lake halijatimia. Kasha hili likiingia leo, kundi linatimia, akaunti inayeyuka. Jumatatu asubuhi mna ada, mna chenji, mna furaha."

"Umesikia?" Dereva akasema. Alikuwa amesogea karibu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ni kuzungusha ufunguo tu, mama watoto. Sekunde moja. Mtoto wetu asome."

Mwenzangu unayesoma, wewe ungefanyaje? Mbele yako kuna mume unayempenda, aliyekosea kwa kuogopa njaa. Nyuma yake kuna binti anayeshinda amevaa gauni jeupe la mazoezi mbele ya kioo. Na katikati kuna kasha la wanawake kumi na watano, na kumi na wawili kati yao hawajui kwamba leo limewekwa mezani.

Mkasi alinyanyuka. Akasogea hadi kwenye kasha. Akalishika kufuli la tatu kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto ufunguo ukagusa tundu.

Wifi akatabasamu. Dereva akafumba macho.

Hapo mkono wake ukasita. Mkataji nguo mzuri hasukumi mkasi kabla hajapitisha kidole mara ya mwisho juu ya mstari wa chaki.

"Bwana Asilimia," akasema. "Hizo za mume wangu zimezaa?"

"Sana."

"Basi mtolee kidogo. Sitaki zote, nataka nauli tu ya mtu mmoja kwenda sokoni na kurudi. Nikiziona mkononi mwake, nafungua."

Bwana Asilimia akacheka. "Dada, huo si utaratibu. Mfumo hauruhusu kutoa."

"Unaruhusu kuingiza?"

"Wakati wowote."

"Nyumba gani hiyo," Bibi Vifungo akauliza, "yenye mlango wa kuingilia tu?"

"Bibi, mambo haya ni ya kisasa."

"Mimi siyajui ya kisasa. Ila panya ningemtegea mtego wa namna hiyohiyo."

Dereva alifungua macho. Wifi akaanza kupanga vikombe vya chai visivyohitaji kupangwa.

Bwana Asilimia akaona anapoteza uwanja. Akafungua kalamu, akaanza kuandika kwa haraka nyuma ya bahasha. "Acheni maneno, tutazame hesabu. Hesabu haina uadui na mtu. Hizi milioni nne na laki mbili zenu, baada ya siku tisini ni milioni nane na laki nne. Nani hapa anachukia milioni nane?"

Bibi Vifungo na Mkasi wakatazamana.

Lazima nikueleze kitu kimoja kuhusu kikundi hiki, maana pasipo hicho hutaelewa kwa nini wawili wale walitazamana. Kati ya wanawake wale kumi na watano, sita hawasomi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza walijiwekea desturi. Kila kikao kinapokwisha wanasimama kwa duara, mkono wa kila mmoja begani kwa mwenzake, na wanasema kwa sauti moja, mara tatu, pesa iliyomo ndani. Wanaita kulitaja kasha. Kiasi kile analala nacho kila mwanamke kichwani mpaka kikao kijacho. Hakisemwi nje. Hata mume haambiwi.

Bibi Vifungo akasimama polepole, magoti yakilia.

"Nne na laki sita," akasema.

"Samahani?" Bwana Asilimia akauliza.

"Tulilitaja nne na laki sita. Mimi hapa, mkono wangu ulikuwa kwenye bega la huyu Mkasi. Nne na laki sita, mara tatu. Wewe umesema nne na laki mbili."

"Ulimi tu, bibi. Nilimaanisha nne na sita."

"Mbona hesabu yako imezaa nane na nne?" Mkasi akauliza taratibu. "Nne na sita ukiirudufu unapata tisa na mbili. Ulimi ukiteleza hauwezi kupiga hesabu sawasawa huko huko ulikoteleza."

Kikombe kikamponyoka wifi, kikavunjika.

Hapo mambo yakageuka kama shati linavyogeuzwa ndani nje. Mkasi, aliyekuwa hataki kufungua, akasema, "Nafungua sasa hivi, tuhesabu." Na wifi, aliyempekua mpaka kwenye mkate, akalirukia kasha na kulikumbatia.

"Leo hapana!"

"Hapana tena?" Mkasi akauliza.

"Tuwaite wenzetu wote kwanza! Katiba ya kikundi inasema—"

"Katiba umeikumbuka leo?" Bibi Vifungo akasema. "Nilipokuambia tuwangoje wenzetu, uliniambia katiba ni makaratasi."

Wifi alilivuta kasha kifuani, na katika kulivuta likageuka, mgongo ukatazama dirishani. Mwanga wa alasiri ukapiga bawaba.

Mkasi aliinama.

Mbele, makufuli matatu, washika funguo watatu, viapo na mikono mabegani. Nyuma, bawaba mbili zilizoshikwa na skrubu nne. Kwa mwaka mzima hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuufikiria upande ule. Skrubu tatu zilikuwa na kutu. Ya nne ilikuwa mpya, inang'aa kama jino la dhahabu, na mbao iliyoizunguka ilikuwa imechubuka.

"Wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kuliko ya hasira. "Mlifungua kwa nyuma, mkainua kona ya kifuniko."

Bwana Asilimia alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. "Naona mna mazungumzo ya kifamilia. Mimi nitapita siku nyingine." Akauendea mlango, akazungusha kitasa. Mlango haukufunguka. Alikuwa amewasahau waliofungiwa, na sasa amekuwa mmoja wao.

"Shemeji," akamwambia Dereva. "Fungua."

Dereva hakusogea. Ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwake.

"Fungua, shemeji!"

"Asifungue," Mkasi akasema. "Baba watoto, ukimtoa huyu hapa hutamwona tena. Tuwaite wenzangu waje, tumpeleke panapohusika."

Bwana Asilimia akageuka. Akatazama dirisha, lina nondo. Akamtazama Dereva, ana mabega ya kupakia mizigo. Mwisho akamtazama Mkasi, na akaona, au alidhani ameona, mahali penye ulaini.

Akarudi kwake hatua tatu. Akafungua mkoba, akatoa bahasha nene ya kaki, akaiweka juu ya kasha.

"Laki nne," akasema kwa sauti ya chini. "Taslimu. Ni sehemu ya kiinua mgongo cha mumeo, nimekutolea mimi mwenyewe nje ya utaratibu. Inatosha ada, si ndiyo? Jumatatu binti anaingia wodini. Wewe niruhusu tu nipite, na hilo kasha lenu bakini nalo."

Laki nne. Mkasi akaitazama bahasha. Zilikuwa jasho la mumewe, na mumewe yupo hapa. Angechukua cha kwake. Nani angemlaumu?

"Chukua," Dereva akanong'ona. "Chukua, mama watoto. Ni zetu."

Mkasi akaifungua bahasha.

Ndani mlikuwa na mabunda mawili ya noti. Kila bunda lilikuwa limefungwa kwa kipande chembamba cha kitambaa cha buluu, ile buluu ya sare za shule, na fundo lake lilikuwa dogo, bapa, limelazwa upande wa kushoto.

Akapitisha kidole gumba juu ya fundo lile.

Katika karakana nzima ni mtu mmoja tu anayefunga fundo la kulala kushoto, kwa kuwa ni mmoja tu anayetumia mkono wa kushoto. Kila kikao, pesa zikishahesabiwa, ni yeye anayezifunga kwa vipande vinavyobaki kwenye meza yake ya kukatia.

"Hizi si za mume wangu," akasema. "Hizi nimezifunga mimi. Zimetoka humu."

Akalipiga kasha kwa kiganja.

Kama hujaelewa, mumewe alielewa. Uso wake ulipauka. Ikiwa mtu yule, akibanwa, hana cha kutoa isipokuwa pesa aliyopokea juzi kutoka kwa mwingine, basi hakuna akaunti, hakuna kuganda wala kuyeyuka. Kiinua mgongo cha miaka kumi na moja kilikwisha zamani. Ada haipo.

Wifi akaporomoka sakafuni kati ya vigae vya kikombe, akaanza kulia.

"Nilitaka zizae zirudi kabla ya kikao! Wiki mbili tu! Alisema wiki mbili!"

"Wifi, nyamaza, utajikata," Mkasi akasema, akapiga magoti pembeni yake na kumwondolea kigae chini ya kiganja. "Niambie kitu kimoja tu. Wewe hata kizibo cha chupa ya dawa huwezi kukifungua, unaniletea mimi. Skrubu iliyoota kutu uliing'oaje?"

Wifi akaficha uso.

"Uliing'oaje, wifi?"

"Usiniulize mimi," wifi akasema kwa kwikwi, akimtazama kaka yake. "Muulize aliyeshika bisibisi."

Bibi Vifungo akavuta pumzi kwa sauti.

Mkasi hakutaka kugeuka. Mikono yake ilijua kabla ya macho. Mabunda mawili yakawa mazito ghafla. Aligeuka hata hivyo.

Bwana Asilimia alikuwa amesimama ubavuni mwa mumewe, mdomo karibu na sikio lake, akisema haraka haraka: "Usimsikilize, shemeji. Chako kipo ofisini, nakupa leo leo. Twende sasa, au kisahau."

"Baba watoto," Mkasi akaita. "Hakipo. Unajua hakipo. Bora tukose hicho kimoja kuliko tukifuate na vingine. Kaa hapa. Tutatafuta namna nyingine, mimi na wewe."

Dereva alimtazama kama mtu anayetazama nyumbani kwake kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa amevaa lile shati la kazi. Mkasi aliona sasa tu kwamba kola yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri kuliko siku zote.

"Na kama kipo?" akauliza. "Na kama kipo, mama watoto, na mimi nimekaa tu?"

Ufunguo ukaingia tunduni. Ukazunguka.

Mlango ukafunguka, jua likajaa sebuleni. Wa kwanza kutoka alikuwa Bwana Asilimia, mbio, mkoba ukimpiga pajani.

Wa pili alikuwa mume wake.